Kamera ya Kioo na Mibofyo Iliyobaki

Jumanne, tarehe 3 Juni

Kwako Shajara. Salamu na heshima zote zikufikie. Mimi ni mpigapicha wa mtaa huu kwa mwaka wa kumi na sita sasa, mwenye studio ya chumba kimoja, mapazia matatu ya nyuma (moja jeupe, moja la bluu, moja lenye maporomoko ya maji) na kamera moja. Dhumuni la kukufungua leo ni kuweka kumbukumbu sahihi ya siku hizi zinazokuja, ili yatakayonipata yasije yakasimuliwa na watu wengine kwa lugha mbovu.

Naogopa. Niliandike hilo mapema, tumalizane nalo.

Asubuhi nimepokea waraka wa Kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Umeandikwa vizuri, sikatai. Kila mkato uko mahali pake. Unasema Kampuni haitatengeneza tena kamera za kioo. Kamera ya kioo ndiyo hii yangu: ndani mna kioo kidogo kinachoruka kila ninapobofya, nacho ndicho kinachotoa ule mlio wa kachak ambao wateja huusubiri ndipo wapumue. Spea nazo zitakoma. Lakini sisi wateja waaminifu hatutatupwa! Kuna Mpango wa Kupanda Daraja. Ukikabidhi kamera yako ya kioo ikiwa hai, unauziwa mpya isiyo na kioo kwa nusu bei. Mkaguzi atakuwa kwenye duka la wakala Jumanne ijayo, tarehe 10. Siku hiyo tu.

Ikiwa hai! Maneno mawili, nami nikatafuta kiti.

Nilikwenda haraka kwa Fundi Bisibisi, atengenezaye kamera, redio na, akibanwa na maisha, pasi za umeme. Nikamwomba rasmi anipimie uhai wa kamera. Akaichomeka kwenye kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka, akakodoa macho, akaniambia, "Katibu, hii imetembea." (Mtaani huniita Katibu kwa sababu ya barua zangu. Sijapinga.) Akasema shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kwa kila picha, imekwisha kubofywa mara 149,212. Nikauliza imeahidiwa mara ngapi. Laki moja na nusu, akasema. Nikauliza ikifika laki moja na nusu inakuwaje. Akapuliza vumbi kwenye bisibisi, akajibu eti hapo tutafute jembe na mahali penye udongo laini.

Alicheka mwenyewe. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya kutoa.

Imebaki mibofyo 788. Na Jumamosi hii ni mahafali ya chuo cha wauguzi, wahitimu mia moja na arobaini, kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na mmoja mfululizo na ambayo kila mwaka hunila mibofyo mia tisa. Nikimfikia Mkaguzi na mzoga, sina nusu bei. Bila nusu bei, sina kamera. Bila kamera, mimi ni mtu mwenye mapazia matatu.

Mke wangu, ambaye ndiye hushika kaunta na mashine ya kuchapia picha, ameuliza ninaandika nini kwa uso huo. Nimemjibu kwamba ninaweka kumbukumbu. Akasema basi nikumbuke na wino wa printa, umeisha tangu jana.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Azimio la leo: kubana matumizi. Mteja mmoja, mbofyo mmoja.

Wa kwanza aliingia mama mwenye mtoto wa miezi mitano, anataka picha ya pasipoti. Mtoto akafumba macho. Nikasubiri. Akafumbua, akapiga chafya. Nikasubiri. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe kwa dakika thelathini na tano, jasho likinitiririka hadi kwenye kola. Yule mama akaniuliza kama ninampiga picha mwanawe au ninamwombea. Hatimaye macho mawili, wazi, makubwa! Nikabofya. Akapepesa.

Nilimweleza mama kwa lugha ya staha kwamba mbofyo mwingine haupo. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa hotuba. Akambeba mtoto, akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara ndipo alipo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye wateja wamempa jina la Kimya. Nilimfundisha kazi mimi. Kushika kamera, mimi. Kusema "kidevu chini kidogo," mimi! Mwaka jana akanunua kamera isiyo na kioo, akafungua studio mlango kwa mlango na mimi. Kamera yake haitoi sauti yoyote. Mtu anakaa, anajiandaa, anavuta pumzi, anaambiwa tayari mama, inuka. Dakika tatu baadaye yule mama alitoka na picha nane, na mtoto anatabasamu. Kwenye pasipoti hairuhusiwi kutabasamu. Nimeiandika hiyo pembeni kama kasoro.

Mchana nimewarudisha wateja wanne kwa kuwaambia kwamba mashine inapumzika. Wote wamevuka barabara. Mke wangu amewahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, akiwa ameegemea kaunta.

Matumizi ya siku: mibofyo tisa. Katika ule wa saba nilisikia kitu. Kachak, halafu nyuma yake kama kikohozi. Nimeweka sikio kwenye kamera kwa muda mrefu. Imenyamaza. Ndivyo wagonjwa wafanyavyo daktari akifika.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Siku ya kalamu. Hapa ndipo mimi ni mimi.

Barua ya kwanza, kwa Kampuni. Nimeomba, kwa unyenyekevu, wapunguze katika hesabu ya kamera yangu mibofyo yote isiyo halali: ile iliyofanyika lenzi ikiwa na kifuniko, ile iliyofanyika kamera ikiwa begani na kugonga mlango, na ile iliyofanywa na watoto wa ndugu bila idhini ya maandishi. Kwa makadirio ya haki, elfu tatu. Nikaambatisha jedwali.

Walijibu kwa sekunde moja! Nilimwita mke wangu aje aone jinsi watu wastaarabu wanavyofanya kazi. Akasoma juu ya bega langu: ombi lako limepokelewa, utajibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Akauliza Jumanne ni siku ya ngapi. Sikupenda namna alivyouliza.

Barua ya pili, kwa Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, mama muuza vitambaa mwenye duka la kona. Yah: Hatari ya Kamera Isiyotoa Sauti kwa Usalama wa Umma. Nimeeleza kwamba kamera isiyolia ni sawa na gari lisilo na honi; kwamba raia ana haki ya kujua dakika anayopigwa; na kwamba sitaji jina la mtu, ila studio husika ina mlango wa kijani na inatazamana na yangu. Aya saba. Hakuna neno la kuondoa.

Matumizi: mibofyo mitano. Kikohozi mara mbili.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Afadhali nisingeamka.

Mwenyekiti hakujibu kwa maandishi. Alikuja mwenyewe, futi ya kupimia vitambaa ikining'inia shingoni, akasimama katikati ya barabara, baina ya milango yetu miwili, na akaisoma barua yangu kwa sauti. Aya zote saba! Wauza viatu wakatoka. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Alipomaliza akasema barua ni tamu, hana ugomvi nayo, lakini anauliza swali dogo. "Katibu, hata jicho langu halitoi sauti, na limeona mambo mengi mtaa huu. Nalo tulipige marufuku?"

Walicheka hadi mteja wa kinyozi akashika kichwa, ule upande uliobaki.

Shemeji alikuwa mlangoni pake. Hakukasirika, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. Akasema, "Shemeji, kama shida ni sauti tu, si ungesema? Sauti ipo." Akabonyeza kitu nyuma ya kamera yake, akainyanyua, na ikalia. Kachak! Kachak yangu mimi! Ndani hamna kioo, hamna kinachoruka, ni spika ndogo kama punje ya mtama iliyofundishwa kuigiza. Na haikuwa na kikohozi.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Kamera yangu bado hai, na sauti yake imeshaanza kutumiwa na wengine.

Saa kumi alasiri nilipata wazo. Zamani za filamu, wapigapicha waliotutangulia walikuwa na ujanja uitwao kupiga hewa. Mteja ambaye unajua hatarudi kuchukua picha yake, unamwashia flashi tu. Kamera haijafanya kitu. Anaondoka ana furaha, filamu imebaki. Flashi yangu ina kitufe kidogo cha kuijaribia. Ukikibonyeza, mwanga unawaka kama radi na shata haiguswi! Kesho kutakuwa na vigelegele na maspika. Nani atasikia kwamba hapakuwa na kachak? Wahitimu nitawapiga kweli. Mashangazi, majirani, na wale wanaoruka nyuma ya watu, hewa.

Hofu imepungua. Karibu nusu kijiko.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mahafali.

Mwanzo kazi ilikwenda kama nilivyoipanga. Kidole cha shahada, picha. Kidole gumba, hewa. Shangazi mmoja alijipanga mbele yangu mara sita, kila mara na mkao mpya, nami nikamwashia mara sita, naye akanishukuru akiniita mwanangu. Niliona haya. Lakini haya haiui shata.

Tatizo lilikuwa Mkuu wa Chuo. Ni mama mrefu, mnyoofu, mwenye miwani ya kamba, na akikutazama unakumbuka makosa ya utotoni. Asubuhi alinishika mkono, akaniambia kwamba picha moja ndiyo anayoitaka kuliko zote: mgeni rasmi, daktari bingwa mstaafu, akimpa tuzo na mkono mhitimu bora. Itawekwa kwenye fremu na kupelekwa nyumbani kwa mgeni pamoja na barua ya shukrani. Aitaka Jumatatu saa tisa. Akasema, "Usiniangushe, Katibu." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayesoma joto la mgonjwa.

Ikafika saa yenyewe. Mgeni akasimama. Nikampiga: kachak, na kikohozi. Kikohozi kirefu! Kama mtu aliyemeza mchanga. Mhitimu akapanda jukwaani, ukumbi mzima ukalipuka, nikainua kamera, nikaona mwanga, mwanga, mwanga. Tuzo na mkono vikapita.

Matumizi: mibofyo 411. Imebaki 363. Kamera ni hai! Nimeimba njia nzima ya kurudi.

Mke wangu ameuliza hewa zilikuwa ngapi. Nimesema kama mia tatu hivi. Akakunja nguo mbili tatu, kisha akauliza nilikuwa nikijuaje kidole kipi kimebonyeza, kwa hofu niliyonayo wiki hii.

Nimeacha kuimba.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Wahitimu mia moja na arobaini wote wapo. Mgeni rasmi yupo, amesimama, mkono ameanza kuunyoosha. Picha inayofuata, mgeni rasmi amekaa, anakunywa maji.

Baina ya hizo mbili hakuna kitu. Nilipiga hewa. Mara tatu! Mbele ya ukumbi mzima!

Nilijilaza sakafuni kidogo, chini ya pazia la maporomoko ya maji.

Mpango wa kwanza: kuunganisha picha. Nikamkata mgeni aliyesimama, nikamkata mhitimu kutoka kwenye picha yake na wazazi, nikawasogeza. Saa mbili za kazi. Mke wangu akaja kutazama. Akasema ni nzuri, ila mgeni rasmi ana mikono mitatu, na mmoja ni wa baba mzazi.

Mpango wa pili: kumwandikia Mkuu kwamba kadi iliibwa. Lakini wezi gani hao wanaoiba mikono tu?

Mpango wa tatu: kusafiri. Mke wangu akauliza kwenda wapi. Sikuwa nimefika huko.

Hapo akakaa kwenye stuli ya wateja, akasema kwa upole kwamba kuna jambo hajaniambia. Mdogo wake, Kimya, alikuwepo pale ukumbini jana. Mchumba wake ni mmoja wa wahitimu. Alikuwa safu ya tatu, na kamera yake, mwanzo hadi mwisho. Nikasema haiwezekani, ningemsikia.

Mke wangu alinitazama tu, mpaka mimi mwenyewe nikasikia nilichosema.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimevuka barabara. Hatua kumi na tisa. Mwaka mzima sijazivuka.

Studio yake ni ndogo kuliko yangu. Pazia moja, jeupe, limepigwa pasi. Kwenye ukuta, karatasi ya maelekezo kwa wateja: toa miwani, funga mdomo, kidevu chini kidogo. Maneno yangu, na kwa mpangilio wangu! Alinipa kiti cha wateja kwa kuwa hana kingine. Nikakaa nikitazamana na taa zake kama mshtakiwa.

Nilianza kwa utangulizi. Akanikatiza, akaniomba niseme kwa kifupi, ana watu wa pasipoti saa nne. Nikasema kwa kifupi. Hakucheka. Akafungua kompyuta yake: mkono wa mgeni rasmi na mkono wa mhitimu bora, picha kumi na moja. Katika moja yao wote wawili wanatazama mbele na mhitimu ana chozi linaloanza kutoka. Picha safi. Imeniuma.

Sharti lake ni moja: niifute barua ya Mwenyekiti kwa barua nyingine, nayo isomwe mahali pale pale. Nimekubali. (Imesomwa saa sita. Kinyozi alifunga duka ili asikie vizuri.) Kisha akasema jambo la ajabu. Akasema ningemwambia tu kwamba kamera inanitia wasiwasi, angeniazima yake Jumamosi. Akasema ataniazima hata wiki hii, hata mwezi, mpaka nijipange, kwa sababu hakuna mwingine aliyemkalisha chini akamfundisha. "Wewe ukiwa na shida unamwandikia kila mtu, shemeji, isipokuwa mwenye msaada."

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Ni dhahiri anataka kunimaliza kwa wema.

Saa tisa kamili nilikuwa ofisini kwa Mkuu, fremu kwapani. Akaiweka juu ya meza, akavaa miwani. Akatazama. Akasema picha ni nzuri mno, mgeni atafurahi. Nikaanza kupumua. Akainamia kioo zaidi, akaniuliza yule mtu wa nyuma, upande wa kushoto wa jukwaa, ni nani.

Nikainama nami. Nyuma ya bega la mgeni, mwanamume ameinua kamera juu ya paji la uso, flashi inawaka, na macho ameyafumba kabisa. Shati lake ni langu.

Mkuu akauliza, taratibu, kama mimi nimo ndani ya picha, picha imepigwa na nani.

Nikajibu kwamba huo ni ushirikiano wa kifamilia. Akavua miwani. Akasema vema sana, basi mwakani atamwita yule mwanafamilia aliyekuwa amefumbua macho.

Miaka kumi na mmoja!

Sina chuo tena. Nina Jumanne tu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kwenye duka la wakala tulipanga foleni kama kliniki. Wapigapicha wa rika langu, kila mmoja na mfuko wake mapajani, tunaulizana hali. Yako imefika ngapi? Laki na kumi. Yako? Laki na thelathini, na inakohoa? Nimefarijika kukuta kuna nyingine zinazokohoa. Mzee mmoja aliifunga yake kwa plasta ya kidonda. Aliiuliza kama inataka maji.

Mkaguzi ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye glavu nyeupe. Nilimkabidhi kamera kwa mikono miwili na kumweleza kwamba imebakiza mibofyo 363, tafadhali aiguse taratibu. Akasema sawa baba. Akazungusha kigurudumu, akaweka kidole kwenye kitufe, na hakukiondoa!

Kachakachakachakachakachak! Mfululizo! Kama mahindi kwenye sufuria! Nilishika ukingo wa meza. Mzee wa plasta alinishika mimi. Mibofyo sitini kwa pumzi moja, na mwisho wake, kimya. Nikajua imekufa.

Akasema, "Nzima kabisa."

Akasema kile kikohozi ni vumbi tu kwenye bawaba ya kioo, brashi ya dakika mbili. Akasema laki moja na nusu ni kiasi walichoipimia kiwandani, haina maana kwamba inakatika hapo kama umeme. Amezipokea zilizopita laki tatu. Akaniambia kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa meneja, kwamba kama fundi wangu anaweza kusafisha, mimi ningeendelea nayo miaka mingine. Tena lenzi zangu tatu hazitaingia kwenye hii mpya, mdomo wake ni tofauti. Inatakiwa pete ya kuunganishia, na pete itakuja baada ya wiki sita. Kuna lenzi moja ndogo ndani ya boksi, basi.

Nilisimama pale nikitafakari kwa makini. Mtu wa Kampuni, mwenye glavu za Kampuni, ananiambia nisinunue cha Kampuni. Kwa nini? Ni lazima ameona jambo baya sana ndani ya kamera yangu, na huruma imemzidi.

Nikaikabidhi papo hapo.

Nikalipa nusu bei, akiba yetu ya mwaka. Nikatia saini, saini ilitoka vizuri. Binti akaibandika kamera yangu karatasi yenye namba, akaiweka kwenye kreti la plastiki juu ya nyingine. Nilisikia ikitua. Miaka kumi na sita.

Mke wangu amelipokea boksi kwa furaha ambayo sijaiona tangu Jumanne iliyopita. Amesema hayo mengine yamepita, na sasa tujiandae na Jumamosi: harusi ya binti wa mfamasia, yule aliyetukopesha dawa za watoto mwaka mzima bila kutudai. Amelifuta boksi vumbi ingawa halikuwa na vumbi.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Kwako Shajara. Husika na somo la boksi.

Nimekisoma kitabu cha maelekezo chote, kurasa mia mbili na kumi, kilikuwa kimechomekwa nje ya boksi kwenye mfuko wa nailoni. Nimesahihisha makosa manne ya lugha. Ukurasa wa 188 unasema shata ya kamera hii mpya imepimiwa mibofyo laki mbili. Laki mbili! Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikaelewa. Ukibofya mara moja, imebaki 199,999. Inaanza kufa siku unayoianza. Sasa hivi iko sifuri. Kilicho sifuri hakiwezi kufa.

Pili, ndani ya kitabu mna kikaratasi cha kijani. Kampuni inawatangazia wateja waaminifu kwamba toleo la pili la kamera hii litatoka kabla ya mwaka kwisha, na kwamba wenye toleo la kwanza lililo katika hali ya upya watapewa kipaumbele katika Mpango wa Kupanda Daraja. Hali ya upya! Nani mwingine ana kamera mpya kuliko isiyofunguliwa? Nikitulia tu, mimi nitakuwa mteja mwaminifu kuliko wote.

Nimeliweka boksi juu ya kabati, mbali na jua, mbali na unyevu, mbali na mke wangu.

Saa nane mchana shemeji alivuka barabara na kamera yake mkononi, akasema nichukue kwa kazi ya kesho, yeye atapumzika, mchumba wake anamdai siku moja ya matembezi. Nikamshukuru kwa niaba ya studio na kumjulisha kwamba studio ina kamera. Akatazama juu ya kabati. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dirishani. Akaondoka nayo, na sasa hivi nasikia ameshafunga mlango wa kijani na kwenda zake.

Mfamasia amepiga simu mara mbili kuthibitisha. Bibi harusi atatoka nyumbani saa tatu asubuhi, na wanataka apigwe akitoka mlangoni, mama yake amemshika mkono. Mama huyo ni mgonjwa; wameiwahisha harusi kwa ajili yake. Mke wangu amelirudia hilo mara tatu, la mwisho akiwa amesimama karibu sana nami. Kisha amekwenda kukaa nje kwenye ngazi, mgongo ameupa mlango.

Nikifungua, nimeianzisha safari ya kifo na kupoteza kipaumbele. Nisipofungua, kesho saa tatu nitasimama mbele ya mlango wa watu mikono mitupu. Nimewaandikia Kampuni aya tano. Wamejibu kwa sekunde moja, siku ishirini na moja za kazi. Sina wa kumpelekea shauri hili ila wewe, ambaye umeyasoma yote bila kunikatiza. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba uamuzi wako kabla ya saa tatu kesho asubuhi: nilifungue boksi, au nisilifungue?